Tundu la Hewa Aliloliziba Fundi Barafu

Marehemu, mliyemwita Fundi Barafu ingawa alikuwa mwepesi wa kuwaka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa nne wa mshona nguo na dereva wa lori.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985 na kuingia chuo cha ufundi 1988. Huko alisimamishwa wiki mbili kwa kuifungua friji ya mkuu wa chuo, eti aone baridi inatoka wapi. Aliirudishia vizuri, ila skrubu mbili zilimbakia mkononi.

Kwa miaka thelathini na moja alifunga mitambo ya kupozea katika maabara na hospitali. Kabla ya kazi aliwasha feni ya kutolea hewa na kungoja robo saa nzima, wenzake wakinung'unika nje, mdogo wake wa mwisho akiwemo. Aliyetangulia kuingia alirudishwa nyumbani.

Mwaka 1998 aliitwa kutengeneza friji ya duka la dawa la wakwe zake wa baadaye. Akarudi mara tatu bila kuitwa. Mama mkwe akasema, "Friji hii haiumwi. Anayeumwa ni fundi." Yeye na binti wa mama huyo walioana tarehe 5 Septemba 1999.

Hakuugua. Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alikunywa chai amesimama, akaenda kazini. Alikuwa anafunga tangi la naitrojeni ya kimiminika, ile ya kugandishia sampuli. Mtaalamu wa maabara akalalamika kwamba vumbi linaingia kupitia tundu la hewa la ukutani. Marehemu akaliziba kwa kipande cha boksi. "Dakika mbili tu," akasema. Mpira wa tangi ukachomoka, naitrojeni ikamwagika sakafuni. Badala ya kutoka, aliinama kufunga koki. Ikimwagika hugeuka gesi isiyo na harufu, nayo ilikuwa imeshaifukuza hewa chumbani. Saa nne na robo hatukuwa naye tena. Mpaka leo tumepigwa na butwaa. Mkewe bado anampakulia chakula.

Jana mawifi walimsihi mjane sehemu hiyo ya wasifu isisomwe. "Wifi, ajali haina kinga. Usimvue nguo marehemu."

"Hii ilikuwa na kinga," akajibu. "Aliiziba kwa mkono wake. Someni hivyo hivyo."

Ameacha mama yake, mjane, mabinti wawili, na mdogo wake yule wa mwisho, ambaye Jumatatu saa mbili asubuhi anaingia chumba kile kile kumalizia kazi. Mjane amemkalisha mstari wa mbele, asikie kila neno.

Mola ampumzishe kwa amani.