Gideoni Chilumba na Chokaa Isiyo na Chumvi

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa tisa na nusu alasiri, Gideoni Chilumba, mpaka rangi na mchoraji wa Kituo cha Utamaduni cha Pwani ya Ruvuma, Mtwara, anastaafu kwa mujibu wa sheria akiwa na miaka sitini ya umri na thelathini na saba ya utumishi. Mmeona kwamba jalada la ratiba hii lina mraba mweupe pale ambapo picha yake ingekaa. Mpiga chapa hajakosea. Nitafika huko.

Mkurugenzi aliniagiza niandike ukurasa mmoja, uchangamshe, usiwe na manung'uniko. Ukurasa mmoja umenishinda. Kuchangamsha nitajaribu.

Gideoni alizaliwa upande huu wa mto mwaka 1965, miezi miwili baada ya mama yake, Helena, kuvuka Ruvuma akiikimbia vita ya Mreno. Helena hakukaa kitako kulia. Alikuwa miongoni mwa wanawake waliojitwisha masanduku ya risasi na kuyarudisha ng'ambo kwa wapiganaji, safari baada ya safari, maji yakiwa magotini. Mwaka 1972 aliondoka na mzigo wake na hakurudi. Mwanawe alikuwa na miaka saba. Picha ya kamera hakuacha hata moja. Nani angehangaika kumpiga picha mkimbizi?

Ila alichorwa. Hapa kwetu, kwenye ukuta wa mbele.

Kwa wageni: ukuta huu wa mita arobaini unaotazama barabara ya bandarini ulijengwa enzi ya Mwingereza, na Mwingereza ndiye wa kwanza kuuchora. Aliweka taji, trekta, shamba la karanga, na bwana mmoja aliyenyoosha kidole. Waafrika kwenye picha ile hawakutazama shamba, walitazama kidole. Mwaka mmoja kabla Helena hajapotea, mchoraji mmoja mkimbizi alipewa ruhusa ya kulifuta taji lile, na juu yake akachora kwa rangi ya mafuta wanawake wanaovuka mto na masanduku vichwani. Aliyemweka mbele kabisa alikuwa Helena. Alimchora alivyo: chale za Kimakonde mashavuni, mdomo umefumbwa, jicho linamtazama mpita njia kama linamuuliza anakwenda wapi.

Hiyo ndiyo sababu Gideoni aliomba kazi kwetu mwaka 1988. Wengine mlidhani ni mapenzi ya brashi. Yeye aliniambia mwenyewe kwamba alitaka kibarua cha kumwezesha kumpitia mama yake kila asubuhi na kumwamkia.

Miaka mitatu baadaye walikuja wafadhili wa kwanza na bendera yao, na Gideoni akapewa kazi yake ya kwanza kubwa: kuupaka ukuta chokaa, kisha kuchora mikono miwili, mweupe na mweusi, inayoshikana. Aliifanya. Barua ya pongezi imo kwenye faili lake, nimeiona.

Sasa kile kisa cha kuchangamsha. Mimi nilifika kutoka Njombe mwaka 1996 kushika stoo, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kituo hiki hakikuwahi kupungukiwa na chumvi. Kila mpaka rangi anajua kwamba chokaa hutiwa chumvi ili ishike. Basi kila ukuta ulipotaka kupakwa upya, Gideoni alileta karatasi yake: chokaa mifuko kadhaa ya dukani kwa Mohsinali, chumvi kilo kadhaa ya Mikindani. Mimi nilitoa chumvi, na wiki hiyohiyo chumvi ilikuwa jikoni kwa Mwanahawa, mama yetu wa chai, kwenye kopo la rangi lililooshwa vizuri. Tumekula mihogo yenye chumvi ya serikali miaka na miaka. Nilipomshika nikitaka kumshtaki kwa wizi, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akasema, dada Beatrice, chokaa yenye chumvi haitoki. Mimi nataka itoke.

Nikafunga mdomo. Nikaendelea kuandika chumvi kwenye leja kama imetumika ukutani. Huo ndio wema pekee niliowahi kumtendea, na ulinigharimu wino tu.

Maana wakubwa walikuja mmoja baada ya mwingine, na wote walitaka ukuta wa mbele. Sijawahi kuona dola inayoomba ukuta wa nyuma, upande wa vyoo. Baada ya mikono inayoshikana tulipata njiwa. Baada ya njiwa, mpira na wachezaji wa ligi ya kwao. Kila mmoja alikuja na fulana, kofia, kalenda, na filamu zake za kuonyeshwa ukumbini Jumamosi bure. Watoto wa Mtawanya, anakokaa Gideoni, wamejifunza kusalimia kwa lugha tatu za ng'ambo na kunyoa mitindo minne, na Kimakonde cha bibi zao wanakijua cha kutukania tu. Hakuna aliyewapiga fimbo. Walipewa bisi na soda, wakaketi, wakatazama.

Ilipofika zamu ya gesi, kampuni moja ilituletea karatasi yenye picha ya mwanamke mbele ya jiko, meno yote nje, mashavu laini kama yai. Gideoni alitakiwa amchore ukubwa wa nyumba. Alipomchora wakasema ni mweusi mno, amng'arishe kidogo. Akamng'arisha. Kina mama waliokuwa wakirudi sokoni na magunia ya mkaa walisimama kumtazama, na mmoja aliuliza huyu mwenzetu anachekea nini. Swali zuri lile. Halikuandikwa kwenye ripoti ya mradi.

Gideoni alizipaka zote. Hakugoma, hakuchelewa, hakulewa kazini. Ametunukiwa ufanyakazi bora mara tano. Lakini chini ya kila picha kulikuwa na chokaa isiyo na chumvi, na chini ya chokaa alikuwapo Helena, akingoja mvua.

Mvua ilikuja. Mwaka 1998, mvua za Elinino ziliunyeshea ukuta mpaka njiwa akabanduka vipande vipande, na asubuhi moja tukamkuta mama wa watu amesimama, mzima, na sanduku lake kichwani. Gideoni alirudi nyumbani mbio akamleta bintiye Doris, ambaye alikuwa na miaka mitano. Alimwambia tu huyu ni bibi yako. Mtoto akapiga goti kwenye tope, akauambia ukuta, shikamoo bibi. Gideoni aligeuka akatazama malori ya bandarini. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Helena alikaa nje siku kumi na moja. Gideoni alikwenda mjini kumtafuta mpiga picha, wakaelewana aje Jumamosi. Alhamisi tukaambiwa kuna mgeni mkubwa anapita, na Ijumaa Gideoni alimpaka mama yake chokaa kwa mara nyingine, kwa mkono wake mwenyewe. Nilimtolea chumvi. Hakuichukua hata hiyo ya kupeleka jikoni.

Tangu siku hiyo Helena hakutoka tena mzima. Zilipokuja simu za kamera, mvua zilitufunulia sikio tu, kipande cha sanduku, kona ya kanga. Wapo watakaouliza kwa nini hakuuosha ukuta mwenyewe Jumapili moja akamaliza. Wanaouliza hivyo hawamjui Gideoni. Hajawahi kugusa ukuta wa serikali bila karatasi yenye muhuri. Tulimfundisha hivyo, akafundishika. Ole wake.

Mwaka huu wamekuja wafadhili wapya. Sitawataja, wameketi viti vya mbele. Hawa hawataki rangi. Wametuletea vigae vyenye picha zilizochapwa kwao, na katikati skrini kubwa ya kuonyesha katuni na tamthilia zao zilizotiwa Kiswahili, mchana kutwa, kwa ajili ya urafiki. Vigae hutaka plasta ya saruji, na plasta hutaka ukuta uliogongwagongwa kwa nyundo na tindo, uwe na vidonda, ipate pa kushika.

Gideoni akaandika barua. Moja tu katika miaka thelathini na saba. Aliomba siku mbili za kuiondoa chokaa taratibu kwa maji na brashi, na ruhusa ya kupiga picha moja, basi, ndipo kazi iendelee. Barua ilikaa kwenye trei wiki tatu. Jibu lilikuwa mistari miwili: muda hautoshi, na ushirikiano wake unathaminiwa.

Basi akashika nyundo. Mzee wa miaka sitini akamwomba Fredi, msimamizi wa mafundi wa mkandarasi, kipande cha katikati akigonge yeye. Fredi akaona bahati, kupata kibarua wa bure. Gideoni aligonga siku nzima. Aliuacha uso wa mama yake, mahali pa ukubwa wa ungo, bila jeraha hata moja. Kisha plasta ikapigwa juu. Alinipitia stoo jioni ile, mavumbi mpaka kwenye kope, akaomba chai. Nadhani alikuwa na furaha. Plasta haishiki pasipogongwa, na yeye alikuwa anajua kungoja.

Ila Fredi naye anajua kazi yake. Jumanne iliyofuata aliupitia ukuta akiugonga kwa vidole, na palepale pakalia mlio wa utupu. Akaja stoo na karatasi ya kuibomoa sehemu hiyo, kuigonga na kuipiga plasta upya: mifuko miwili ya saruji na idhini yangu. Gideoni siku hiyo alikuwa kwenye foleni ya mafao, akijaza fomu inayouliza jina la mama.

Sikumuuliza Fredi ni sehemu gani. Nilijua. Nilikuwa na mapokezi ya wageni wa leo ya kuandaa, na Mkurugenzi alishapiga simu mara mbili. Ningeweza kusema saruji imekwisha. Ningeweza kusema njoo kesho. Uongo ninaujua, chumvi ni shahidi. Nilisaini.

Aliporudi saa nane walikuwa wameshamaliza. Alitafuta vipande vya ule uso chini, hakuona. Fredi, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, maskini, alikuwa amevichota kwa toroli akavijaza kwenye lile shimo la getini lililokuwa likikwaruza magari. Malori mawili ya korosho yaliyokuja kugeuzia hapo yalikwishavisaga pamoja na kifusi kingine. Leo mmeingia bila magari yenu kugonga chini. Mmepita juu ya Helena.

Gideoni hakunigombeza. Alikuja stoo akarudisha brashi zote, zimeoshwa, zimehesabiwa, akasaini leja. Chai nilimkaribisha, akasema ahsante, ameshiba. Mpaka leo ameshiba.

Zawadi yake ya kustaafu, mtakayoiona ikikabidhiwa, ni picha ya ukuta mpya ndani ya fremu. Nilipewa kazi ya kuinunua fremu. Nayo nimesaini.

Sasa ule mraba. Nilimwendea nyumbani kuomba picha yake ya jalada. Akasema hataki yake, kama nafasi ipo atamchora mama. Nikafurahi, jamani, nilifurahi kama mjinga, nikadhani mkono wake unatosha kurudisha nilichokisaini. Nikampa wiki. Niliporudi alinionyesha karatasi tatu. Zote ni nzuri, mkono wa Gideoni hauna mpinzani pwani hii. Na zote tatu ni yule mwanamke wa gesi. Mashavu laini, meno nje. Chale, hakumbuki zilivyopinda. Kila akiufumba ule mdomo, kalamu inaufumbua. Doris aliitwa asaidie, akatazama, akasema anachokumbuka yeye ni tope.

Gideoni akazichana. Akaniambia niache peupe.

Kaka Gideoni, kituo kinakushukuru kwa utumishi uliotukuka, kama inavyopasa kusemwa. Mimi nasema jingine, hapa kwenye karatasi ambayo kila mgeni anayo mkononi: sahihi ni yangu. Pumzika Mtawanya, ulime, uwaone wajukuu wakikua. Upate siku nyingi na afya. Na siku moja, usipotafuta, mkono wako umsahau yule mwenye meno, umkumbuke aliyekuzaa.

Beatrice Mligo
Afisa Ugavi