Mama Kahindo Florentine na Paka wa Mwanawe Zacharie

Mama Kahindo Florentine, mjane wa Mzee Maliro Jacob, anazikwa leo hapa Butembo akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Familia inawashukuru wote waliokuja kumsindikiza. Tangu msiba uanze, mengi yamesemwa nyuma ya jikoni juu yake, juu ya nyumba ya mtaa wa Rughenda na juu ya paka. Familia imeona ni heshima zaidi yasemwe hapa, mbele ya jeneza, na yasemwe jinsi yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 huko Manguredjipa. Alikuwa mtoto wa kike wa pili, ndiyo maana akaitwa Kahindo. Mama yake alifariki yeye angali akibebwa mgongoni, akalelewa na mke mwingine wa baba yake, ambaye alimfundisha kupika, kufanya biashara na kutolia. Siku moja mtoto Florentine alimwaga mawese njiani. Mama huyo akamwambia akae palepale mpaka udongo urudishe mafuta. Alikaa mpaka jua likazama, ndipo jirani mmoja akamwinua. Kisa hicho Marehemu alipenda kuwasimulia wajukuu wake, huku akicheka. Walipokosa kucheka, aliwaambia kwamba wamedekezwa.

Alianza shule ya msingi kwa masista huko Lubero mwaka 1958, na kila mwaka alikuwa wa kwanza. Mwaka 1963, akiwa darasa la tano, baba yake alimtoa ili asaidie kubeba mawese. Hakumsamehe baba yake. Baadaye hakumsamehe mtu yeyote aliyesoma kumpita.

Tarehe 21 Juni 1969 alifunga ndoa na Maliro Jacob, mwenye magari ya mizigo, mtu mpole aliyependa kukaa kimya, na Mungu akampa mke aliyesema kwa wawili. Walizaa watoto watatu: Zacharie, Lusenge, na Tumaini aliyefariki angali mchanga. Mzee Jacob alitutoka tarehe 3 Februari 1999. Marehemu aliendelea na biashara peke yake, akitoa mawese Manguredjipa na maharage Mangina, akiyaweka katika depo yake hapa mjini. Wateja walimwogopa na hawakumkimbia. Mama mmoja aliwahi kumlalamikia, "Mama Florentine, maharage yako iko na majiwe." Marehemu akamjibu, "Na meno yako iko na kazi gani?" Yule mama alinunua, na wiki iliyofuata akarudi.

Zacharie alikuwa mboni ya jicho lake. Mwaka 2006 alimwoa Séphora, mwenye licence, yaani shahada, ya biolojia na mwalimu wa sekondari. Siku ya mahari Marehemu alisimama mbele ya familia zote mbili akasema, "Tumetoa mbuzi juu ya diplôme. Donc, basi, tutakula diplôme." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Zacharie akajenga nyumba Rughenda, kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, akazaa humo mabinti watatu: Jemima, Sikitu na Faraja. Mwaka 2018 aliokota mtoto wa paka nyuma ya depo ya mama yake, akamwita Kapita, yaani msimamizi, kwa sababu alikagua kila gunia lililoingia.

Tarehe 9 Septemba 2021 Zacharie aliuawa kwenye barabara ya Mangina, akienda kuchukua maharage ya mama yake. Marehemu hakulia mbele ya watu.

Baada ya matanga, familia ilikaa Rughenda kuzungumzia nyumba. Lusenge alisema kwamba kiwanja ni cha ukoo, mjane hana mtoto wa kiume, na wazazi wake wako hai, kwa hiyo ana mahali pa kurudi. Marehemu alikuwa akimtazama paka aliyekuwa amelala juu ya koti la Zacharie.

"Hii nyau inakula mu mukono ya nani?" akauliza.

"Ya mama tu, Bibi," alijibu Jemima.

"Basi musikie. Nyau ya mwana wangu ikiwa muzima, huyu mwanamuke na batoto banakaa mu nyumba. Siku nyau itakufa, anafunga mizigo siku ileile. Nimemaliza."

Lusenge alitabasamu. "Mama, ku barabara ya huku pikipiki ziko mingi."

"Donc utangojea pikipiki."

Tangu siku hiyo Lusenge hakuacha kuwatembelea. Akifika alikuwa akiuliza kwanza Kapita ameamka namna gani, halafu watoto.

Mwezi wa Juni 2022 paka alianza kunywa maji bila kutosheka na kukojoa kila mahali. Alikula kuliko zamani, lakini uti wa mgongo ulionekana chini ya manyoya. Miguu ya nyuma ililegea, akatembea kwa visigino kama mzee aliyevaa sandali kubwa. Lusenge alimtazama akivuka uwanja, akamwambia shemeji yake aanze kutafuta masanduku. Séphora alimweka paka katika kikapu ili ampeleke Beni kwa daktari wa mifugo, Asumani, ingawa tangu Zacharie auawe hakuna mtu wa familia aliyekuwa amethubutu kusafiri upande huo. Marehemu alivaa kitenge chake, akaingia katika gari pamoja naye. Hakuficha sababu yake: "Usije ukaniletea nyau ingine yenye kufanana."

Asumani alilichoma sikio la paka, akatia tone la damu katika mashine ya kupimia sukari.

"Mama, hii nyau iko na sukari."

"Sukari ya batu?"

"Ni ileile, Mama."

"Itapona?"

"Kupona siwezi kukuahidi. Lakini ikikula vizuri, ichomwe insulini asubuhi na mangaribi, saa zilezile, inaweza kuzeeka sawa nyau ingine."

Marehemu alimgeukia mkaza mwana wake. "Umesikia? Nyumba yako sasa iko ku sindano."

Insulini inataka baridi, na friji yenye umeme wa jua wa kuaminika ilikuwa kwenye depo ya Marehemu. Alikubali chupa ikae humo. Kila alfajiri Séphora alipofika kuvuta dawa, alingoja nje mpaka Marehemu amalize rozari, na siku za mvua rozari ilikuwa ndefu. Chupa haikutikiswa, ilizungushwa polepole kati ya viganja. Paka alipewa samaki au nyama, bila ugali, na sindano ilifuata baada ya kula. Ngozi ya shingo iliinuliwa kwa vidole viwili, na kila siku mahali pa kuchoma palibadilishwa. Siku moja Kapita alitapika baada ya sindano, akaanza kutetemeka na kuanguka upande. Insulini ilikuwa imeshusha sukari yake mno. Séphora alipiga kelele kwamba anataka asali. Marehemu, aliyekuwa amekuja kukagua tu, alikimbia mwenyewe kwa jirani akarudi nayo, naye Séphora akaipaka kwenye ufizi wa paka mpaka akasimama. Marehemu akafuta vidole vyake, akamwambia Séphora asali hiyo itarudishwa na mwenye nyumba.

Majirani walianza kusema kwamba mwanamke anayechoma paka sindano ni mchawi. Maneno hayo yalimfikia Marehemu sokoni. "Kama ni bulozi," alijibu, "angeanza na miye." Yakaishia hapo.

Marehemu alikuwa na wakaza wana wawili tu, Séphora na Virginie, mke wa Lusenge. Sikukuu ya Noeli ya 2023 mmoja wao alikutwa Rughenda, nyuma ya jikoni, akimnywesha paka maziwa mazito ya mkebe, yale yenye sukari nyingi. Kwa heshima ya familia jina lake halitajwi hapa. Hakuwa Séphora. Marehemu alimshika mkono, akamleta sebuleni mbele ya wageni, akamkalisha, akampa mkebe.

"Kunywa."

"Mama, ilikuwa kidogo tu. Ni Noeli, nyau nayo ifurahi."

"Donc furahi na weye. Kunywa yote."

Wageni waliacha kula. Mkebe ulipoisha, Marehemu alileta wa pili, akaufungua kwa kisu. Yule mama alinywa huku machozi yakimtoka, akatoka nje kutapika. Marehemu akawaambia waliobaki, "Nilisema nyau ikikufa. Sikusema ikiuliwa." Hakumtetea Séphora siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Alitetea neno lake, na hilo lilitosha.

Kuanzia Machi 2024 Marehemu alikuwa akinywa maji mchana kutwa, akakonda, na kidonda kilichotokana na kiatu kipya kikakataa kufunga kwenye kidole cha mguu. Séphora alimwambia dalili hizo anazijua. "Unanifananisha na nyau," akajibiwa, na kwa wiki nyingi rozari ikawa ndefu hata siku zisizo na mvua. Lusenge, kwa mapendo ya mtoto kwa mama yake, alimletea kasha baada ya kasha la sucré, soda tamu, ili apate nguvu. Familia haimlaumu. Mambo hayo yanafundishwa shuleni.

Mwezi wa Septemba Marehemu alikuja Rughenda akichechemea, akafunga mlango nyuma yake, akanyoosha kidole. Kisha akakirudisha.

"Anza na yeye."

Séphora alimpima Kapita kwanza, kisha Marehemu. Namba ya Marehemu ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya paka.

"Amenishinda," akasema Marehemu. "Na yeye hakuenda hata masomo ya msingi."

Alikubali sindano, lakini ubaya wa kidonda ulikuwa umeshapanda mguuni. Mwezi wa Oktoba alilazwa hospitalini. Madaktari walitaka kuukata mguu, akakataa: "Maliro ananingojea na miguu mbili."

Tarehe 10 Novemba padri alimpaka mafuta ya wagonjwa. Baada ya sala, padri akiwa bado amesimama kando ya kitanda, Lusenge aliinama.

"Mama, na nyumba ya Rughenda?"

"Nilishasema."

"Ile ilikuwa maneno ya hasira, Mama. Ulikuwa na machungu ya Zacharie."

"Sasa sina hasira, na ninasema ileile. Nyau iko muzima, banakaa. Nyau imekufa, banatoka. Padri, umesikia?"

Padri alisema amesikia. Marehemu akamtafuta Séphora kwa macho.

"Na weye, hauombe kitu?"

"Hapana, Mama."

"Vizuri. Ungeomba, ningekatala."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa mkaza mwana wake. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, asubuhi, Séphora akiwa amemshika mguu, Lusenge akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Lusenge; wakaza wana wawili; wajukuu, miongoni mwao Jemima, Sikitu na Faraja wanaokaa Rughenda; na paka wa mwanawe, Kapita. Ili pasiwe na mtu wa kuhangaika kuuliza baada ya mazishi, familia inawajulisha kwamba leo asubuhi Kapita alikula samaki wake wote, akachomwa sindano, na sukari yake ilikuwa nzuri. Miguu ya nyuma imepata nguvu. Jana alipanda ukuta. Daktari Asumani, ambaye amesafiri kutoka Beni na yuko hapa kati yetu, amemkagua, na anasema haoni sababu ya kumfanya asizeeke.

Bwana ampokee Mama Florentine na kumpa usingizi mtulivu. Neno lake analilinda mkaza mwana wake, asubuhi na jioni.