Ruta Iliyofungiwa Kabatini: Mzee Mhoja Machibya Anatuaga

Mzee Mhoja Machibya, fundi wetu wa umeme na mawasiliano, anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia kiwanda hiki cha kuchambua pamba kwa miaka thelathini na minne. Cheti cha utumishi uliotukuka hatapewa. Sababu imo kwenye jalada lake, na aliyeichapa ni mimi, Domitila, karani wa masjala.

Alikuja kutoka Kasoli mwaka 1991 na baiskeli, na bisibisi moja aliyoichomeka kwenye soksi. Soksi zimebadilika, bisibisi ni ileile. Msimu ukipamba moto, alisikia mngurumo wa mashine tangu getini akajua beringi ipi imechoka. Alikosea mara moja tu, na siku hiyo ilikuwa pikipiki ya mlinzi.

Sasa nije kwenye nyumba ya Meneja. Nyimbo zake zote zimo kwenye kompyuta iliyoko chumbani. Zinapita kwa waya hadi kwenye ruta, kisha zinafika kwa waifai kwenye spika za sebuleni. Mwaka juzi zilianza kukatika: dakika mbili zinaimba, zinanyamaza, zinarudi. Mzee Mhoja akaitwa. Watu walilaumu intaneti ya Bariadi. Yeye akachomoa waya wa intaneti, muziki ukaendelea, akawaonyesha kwamba nyimbo zimo humohumo ndani. Aliwasha upya kila kitu, akajaribu spika nyingine, akakaa saa nzima akisikiliza. Hazikukatika. Alipoondoka tu, zikakatika. Alikwenda mara nne, na mara zote nne ilikuwa hivyohivyo.

Kisha wakaja wageni, na muziki ukakatika watu wameshasimama kucheza. Kesho yake niliagizwa kuandika barua ya onyo: uzembe, na kudanganya kwamba kazi imekamilika. Niliichapa bila kosa hata moja la tahajia. Mzee alisaini kuipokea, halafu akaenda kupiga hodi kwa Meneja mara ya tano. Martha, anayetunza nyumba ile, alikuwepo na ndiye aliyenisimulia. Mzee aliketi sebuleni akasema, "Leo msinifungulie kitu. Fungeni kama mnavyofunga siku zote."

Meneja akafunga. Ruta ile ilikuwa inakaa ndani ya kabati la chuma, ufunguo mfukoni mwake, asije mfanyakazi wa nyumbani akamwibia intaneti. Kila Mzee alipokwenda, kabati lilifunguliwa ili aikague. Akitoka linafungwa, na mawimbi yanakwama kwenye chuma. Safari hii spika zilinyamaza Mzee akiwa hapohapo. Kabati likafunguliwa, zikaimba. Likafungwa, zikakatika. Meneja alikataa katakata kuitoa ruta, basi Mzee akatoboa tundu jingine mgongoni mwa kabati na kuvuta waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye spika. Hazijakatika tena.

Aliandika taarifa ya nusu ukurasa, isiyomlaumu mtu, akaniletea. "Mayu," aliniambia, kama anavyomwita kila mama, "iweke pamoja na ile barua, zisomwe pamoja." Niliagizwa niiweke kwenye jalada la matengenezo ya nyumba. Nikatii. Kamati ya vyeti ilipokaa mwezi uliopita ilisoma jalada lake binafsi tu, ikakuta onyo, ikaliruka jina lake. Mimi nilikuwemo chumbani nikiandika muhtasari. Nilijua, nikanyamaza, na sina cha kujitetea. Inaniuma, na inastahili kuniuma.

Meneja ametuazima spika zake kwa sherehe hii. Zikiimba mpaka mwisho bila kukatika, mjue ni kazi ya nani.

Nami jana niliitoa taarifa ile ilikofichwa, nikaitoboa, nikaifunga nyuma ya barua ya onyo. Sasa ni folio ya 58 na folio ya 59 za jalada lake binafsi. Imechelewa miaka miwili, lakini atakayefungua jalada hilo atazisoma pamoja, kama ulivyoniomba, Mzee.

Wabeja sana, asante sana, Mzee wetu. Rudi Kasoli kwa amani, upumzike na wajukuu wakuzunguke, na kila utakachokigusa kikuitikie. Wengine wakija kukuomba msamaha, wasamehe upesi. Mimi nisubirishe kidogo.