Mwalimu Arnold Tidmarsh, Aliyeomba Asihamishwe Tena

Wapendwa waombolezaji, mliotoka zamu mkaja moja kwa moja, familia inajua mnajiuliza kwa nini mwili huu haujasafirishwa, kama ilivyo desturi yetu tunapofiwa hapa Doha, na kwa kuwa jibu limo katika historia hii, tunaomba isikilizwe kwa mpangilio wake.

Marehemu Arnold Tidmarsh alizaliwa tarehe 9 Machi 1945 katika kijiji cha Hathersby, Norfolk, Uingereza, akiwa mtoto wa kwanza wa Edith na Walter, mtunza farasi katika shamba la tajiri mmoja, na baada yake akazaliwa dada yake, Ann. Nyumba yao ilikuwa mali ya tajiri. Vita vilikwisha angali mchanga, lakini nyama na sukari viliendelea kununuliwa kwa kuponi za mgao, maji yalitekwa kwenye bomba la kijiji, na mwaka 1950 alianza masomo katika shule ya chumba kimoja, ambako maziwa ya watoto yalifika yameganda kwa baridi, yakayeyushwa kando ya jiko la makaa. Hayo aliyasimulia kwa furaha.

Jumamosi tarehe 10 Oktoba 1953 aliisimulia akiwa amesimama. Tajiri alikuwa amenunua trekta, farasi wakauzwa, Walter akaachishwa kazi, na kwa kuwa aliyetoka kazini alitoka na nyumbani, vyombo vyote vilitolewa nje kwenye umande, majirani wakichungulia madirishani, naye Arnold, mtoto wa miaka minane, akakalishwa juu ya kitanda kando ya barabara ili alinde vitu. Katika miaka minane iliyofuata walihama mara sita, akabadilisha shule nne, na mama yake akaacha kupanda vitunguu, maana hakuwa na hakika ni nani angevivuna.

Alipata shahada ya jiografia mwaka 1967, akaenda Kenya Januari 1969, akafundisha katika shule tano za Kisii, na tarehe 14 Desemba 1974 akafunga ndoa na Sabina Kwamboka, wakajaliwa binti mmoja, Nyanchama, mwaka 1978. Kila alipoanza kuzoea mahali aliomba uhamisho, asije akangoja kuambiwa aondoke, na hakujenga, ingawa shemeji yake Nahashon alimtania kila Krismasi kwamba hata kunguru wa Kisii wana kwao. Sabina alifunga masanduku kila safari, bila kunung'unika, hadi alipofariki mwaka 2016.

Mwaka 2019 Nyanchama, ambaye ni muuguzi, alimleta hapa Doha, mtaa wa Muaither, aishi naye na mumewe, Job, katika nyumba iliyotolewa na mwajiri. Machi 2023, wakiwa mezani, Nyanchama alitaja kwamba mkataba wake wa kazi usipoongezwa watakuwa na siku thelathini za kuondoka. Mzee aliweka kijiko chini, akaenda kufunga sanduku. Mkataba uliongezwa, naye akaendelea kulifunga kila asubuhi. Job, anayewasomea haya, alifanya kosa la kulificha, na siku hiyo hiyo mlinzi wetu, Mutai, alimkuta marehemu langoni, ameketi juu ya godoro alilolikokota mwenyewe, analinda vitu. Mutai hakumwamuru aingie ndani, aliketi naye hadi Nyanchama alipotoka kazini.

Novemba 2024 moyo ulidhoofika, akalazwa. Ann alipiga simu akitaka azikwe Hathersby, Nahashon akataka Kisii, kando ya Sabina, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Nyanchama, aliyeshindwa kuchagua kati ya shangazi na mjomba, alimuuliza mwenyewe tarehe 6 Januari.

"Baba, ukituacha, tukupeleke wapi?"

"Usinihamishe tena. Mama yako atanielewa, ndiye aliyefunga masanduku."

Maneno hayo yaliandikwa, marehemu akatia sahihi, Ann akayakubali akilia, na Nahashon, aliposomewa kwa simu mbele ya ukoo, akasema, "Basi mwacheni mwalimu akae."

Alifariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka 79.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Muaither, wafanyakazi wenzake Nyanchama, Mutai kwa namna ya pekee, na ninyi mliotoka mtaa wa viwanda, Industrial Area, kwa basi la kampuni kuja kumzika mtu ambaye wengi wenu hamkumjua.

Mwalimu, hapa hakuna aliyekupangia siku ya kuondoka. Pumzika, kwa amani.