Mapazia ya Hoteli Yatasubiri

"Hoteli nzima inataka mapazia, nawe umewaambia wasubiri?" Msusi aliyeketi mbele yangu alimgeukia fundi cherehani, ambaye alijuana naye humo humo ndani ya basi.

"Wiki mbili tu, dada. Mdogo wangu anajifungua, nitakaa naye."

"Kwani wewe ndiye mkunga?"

Tulicheka, sisi tuliojifanya hatusikilizi. Fundi naye akacheka, kisha akaeleza taratibu. Alipoanza biashara hakuwa akikataa kazi. Mdogo wake huyo alipoolewa, yeye ndiye aliyemshonea gauni, lakini siku ya harusi alibaki dukani akimalizia sare za mteja. "Gauni langu nililiona kwenye picha," alisema. "Tangu hapo, nikipanga kazi za mwaka, naanza na siku za watu wangu, wateja wanafuata. Na duka halijafa. Sasa nina mafundi wawili."

"Hoteli wakienda kwa mwingine je?"

"Nitaumia. Hiyo kazi naitaka mno."

Nilimpenda kwa kutojifanya kwamba haimuumi.

"Mimi ningeenda jioni, baada ya kazi," msusi alisema. "Mtoto hakimbii."

"Mama yake atanitafuta kwenye uchungu, shoga, si jioni."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Fundi alishuka na kapu la nguo za kichanga. Msusi alishuka naye, ameshika upande wa pili wa kapu, bado anabisha, ingawa tiketi yake ilikuwa ya hadi sokoni.