Maji Niliyoyaombea Yaliua Mboga Zangu

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu, hata siku ambayo mdomo ni mzito! Mimi ni Mama Ndanu. Wengi wenu mnanijua, naishi kule chini karibu na mto. Kwa wageni wetu waliotoka Kalamba, mimi ni mkulima wa mboga. Nasema hivyo kwa furaha, kwa maana kulikuwa na wakati mtu akiniita hivyo naingia ndani nafunga mlango.

Mara ya mwisho kusimama hapa mbele nilikuwa nashukuru kwa ajili ya kisima. Mnakumbuka. Nililia, nikacheza, leso ikaanguka na sikuiokota. Leo nimekuja kumaliza ushuhuda ule, kwa sababu ule niliishia katikati, na hiyo katikati karibu iniue.

Ndugu zangu, mimi nilianza kulima mboga nikiwa bibi arusi. Shamba langu lilikuwa dogo tu, nyuma ya jikoni, limezungushiwa miiba. Sukuma wiki, kunde, mchicha, nyanya kidogo pembeni. Maji nilikuwa nayatoa mtoni. Mto wetu ni mchanga mtupu juu, lakini ukichimba unapata maji matamu, unachota na kibuyu polepole, unajaza mitungi, punda anabeba. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Lakini mimi sikuwa nahisi mgongo! Nikiamka, kabla hata ya kuwasha moto, nilikuwa naenda kuangalia mboga. Sikuwa na kazi huko. Nilikuwa naenda tu kuangalia. Mume wangu Musyoka, ambaye ni fundi wa mawe huko Kibwezi, alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi ananitania kwamba ameoa mwanamke aliyeolewa tayari na sukuma wiki.

Mboga zile ndizo zilinishika nilipompoteza mtoto wangu wa mwisho akiwa bado ananyonya. Sitaki kueleza sana hapo. Nasema tu kwamba siku zile sikuweza kuongea na mtu, sikuweza kuomba, lakini niliweza kumwagilia maji. Nilikuwa nachuchumaa hapo kati ya mboga, nang'oa magugu, na kitu kilikuwa kikinituliza. Nilijua ni Mungu. Kwangu mimi lile shamba lilikuwa mahali ambapo Mungu alinikuta. Ndiyo maana nataka mnielewe vizuri ninaposema lilikufa.

Ukame ukaja, mkauona nyote. Mashimo ya mtoni yakawa marefu mpaka mtu anaingia mzima na kutolewa kwa kamba. Tukaanza maombi ya maji hapa kanisani, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuyaongoza. Tulifunga. Tulipiga magoti pale chini ya lile dirisha mpaka magoti yakatoka ngozi. Na Bwana akajibu! Mashine ya kuchimba kisima ikaja, ikachimba, maji yakaruka juu, wamama wakaruka nayo. Nani hakulia siku ile? Tukafanya ibada ya shukrani, na mimi nikasimama hapa nikasema Mungu amenipa maji mlangoni.

Maji yalikuwa na chumvi. Tulijua kutoka ile glasi ya kwanza. Chai ilikuwa na ladha nyingine, sabuni haikutoa povu. Lakini nani angesema? Ukishamlilia Mungu akupe kitu, na akakupa, na ukamshukuru mbele ya watu, utarudi tena useme hakikupendezi? Tukasema tutazoea. Na kunywa tulizoea kweli.

Mimi nikapanua shamba. Niliondoa miiba nikaisogeza mbele, nikapanda mpaka karibu na choo. Maji yalikuwa karibu, ya nini kujinyima? Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni. Mwanzoni sukuma ilikua vizuri. Halafu majani yakaanza kuungua pembeni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Yakawa ya njano. Yakaanguka. Nikasema ni jua, nikaongeza maji. Kadiri nilivyoongeza ndivyo zilivyokufa haraka. Ndugu zangu, nilikuwa nazinywesha kifo kwa mikono yangu, na nilikuwa nafanya hivyo kwa upendo.

Nikang'oa, nikapanda upya. Zikafa. Nikaweka jivu, nikaweka mbolea ya mbuzi, nikabadilisha mbegu. Nikazibeba mbegu mpaka madhabahuni, mchungaji akaziombea, mkasema amina. Hazikutoa hata kichwa. Udongo ukawa na unga mweupe juu, mgumu, ukikanyaga unavunjika.

Sasa mtaniuliza, Mama Ndanu, hukujua hiyo ni chumvi? Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Nilifikia kuondoa miiba yote nikaifanya kuni, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kulinda. Mbuzi wakaingia. Na wakaanza kulamba. Walikuwa wanainamisha vichwa wanalamba pale palipokuwa na sukuma yangu, kila siku wanarudi. Mtoto yeyote wa Ukambani anajua mbuzi analamba udongo wenye chumvi. Mimi nimechunga mbuzi tangu utotoni. Niliwaona kwa macho yangu, na akili yangu ikakataa. Kwa sababu kama ni chumvi, basi ni maji. Na kama ni maji, basi ni yale niliyoyafungia, niliyoyachezea hapa mbele. Ilikuwa rahisi kwangu kuamini kwamba tatizo ni mimi.

Na nikaamini hivyo kabisa. Nilisema Mungu ameondoa mkono wake kwangu. Alichukua mtoto, nikanyamaza. Sasa amechukua na ile sehemu aliyonifarijia. Nilihesabu dhambi zangu zote, hata za usichana, sikupata inayotosha. Wamama wakiniomba mboga kama zamani nilisema nimechoka na kilimo, miguu inauma. Nikaacha kuja maombi ya Alhamisi. Jumapili nilikuja kwa sababu watu wangeuliza. Nilikaa nyuma, mlipoimba nilifungua mdomo bila sauti.

Mwisho wa mwezi mmoja Musyoka akashuka na kabichi mbili kutoka Kibwezi. Hakusema kitu. Aliziweka mezani taratibu, maskini, alitaka kusaidia. Kabichi ya kununuliwa, katika nyumba yangu! Nilizipika tukala, na nilikuwa nikitafuna machozi yanaingia kwenye ugali. Aliniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamwambia sijui. Ndugu zangu, nasema ukweli mbele za Mungu, siku zile nililala nikitamani asubuhi isinikute. Sikuwa na mpango wa kujidhuru, lakini sikuwa na sababu ya kuamka pia. Mtu anaweza kuwa hai na hakuna anachotaka. Mimi nilikuwa hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyejua, kwa sababu nilikuwa napika, nafua na kusalimia watu.

Halafu zamu yangu ya mwethya ikafika. Mnajua kikundi chetu cha wamama, tunaofanyiana kazi mashambani kwa zamu. Walikuwa waje kunichimbia matuta kabla ya mvua. Nilituma ujumbe wasije. Lakini mwethya haikatazwi, zamu yako ni zamu yako. Wakaja na majembe na nyimbo zao, na mimi nikatoka nikiwa na uso wa mazishi.

Kazi ilifanywa huko juu mbali na jikoni, na mimi nilifurahi kwa hilo. Lakini wakati wa kula ulifika, na nyumba yenye wageni wa mwethya inapika vizuri. Nilikuwa nimepika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na maharagwe. Mwenyekiti wetu, Syombua, akauliza mboga iko wapi. Kwangu hawajawahi kula bila mboga. Nikasema sikupanda. Akacheka akidhani ni mzaha, akaenda nyuma ya jikoni mwenyewe kuchuma. Sikuweza kumzuia. Nilisimama na mwiko mkononi, nikingoja aibu.

Alikaa huko muda. Nilipomfuata nilimkuta anaangalia mbuzi wakilamba. Akachukua kidogo cha ule unga mweupe akaweka kwenye ulimi. Halafu akakaa chini palepale kwenye udongo, na nguo yake safi chini ya leso, akaniambia polepole, "Hata shamba langu liko hivi, mwaitu, mama yangu. Nimelifunika na nyasi ndio watu wasione."

Wamama wengine walikuwa wamekuja nyuma yetu. Mmoja akasema lake lilikufa kabla ya Pasaka. Mwingine akasema anaendea sukuma sokoni Ikutha na kuiingiza nyumbani ndani ya gunia la makaa, ili majirani wasiione, wadhani anayopika ni ya shamba. Mwingine alilia tu. Sisi sote, ndugu zangu! Sote tulikuwa na mashamba yaliyokufa, kila mmoja amefunga mdomo, kila mmoja akidhani Mungu amemwacha yeye peke yake. Tulikuwa tumeshukuru pamoja, kwa hiyo tuliogopa pamoja.

Syombua akasema tuombe. Hatukupiga magoti, tulikaa vile tulivyokaa. Naye hakupaza sauti kama anavyofanya hapa. Aliongea kama mtu anayeongea na baba yake jikoni: "Mungu, maji uliyotupa tumekunywa na tumekushukuru. Lakini yana chumvi. Yameua mboga zetu. Tuliogopa kukwambia."

Ni hayo tu. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Lakini nililia kwa sauti kama nilivyolia kwa ajili ya mtoto wangu, na wamama wakaniacha nilie. Chakula kilipoa, hakuna aliyejali.

Sasa nisiwadanganye. Watu wengi wakitoa ushuhuda wanaruka kutoka hapo mpaka kwenye mavuno. Mimi haikuwa hivyo. Siku ile wamama walikwangua ule udongo mweupe wakaumwaga mbali, wakaleta mwingine wa kutoka chini ya miti, wakachanganya na mbolea, wakanichimbia vitanda vya mboga vilivyoshuka chini kidogo ili maji ya mvua yakae. Tukakubaliana maji ya kisima yawe ya mifugo, ya kufua na ya kunywa kwa anayeweza, na ya mboga tuyafuate mtoni kama zamani, hata kama mashimo ni marefu. Kila kitu kilikuwa tayari. Na mimi bado sikutaka. Nilikuwa nimejua sababu, lakini kujua sababu si sawa na kupata nguvu. Jembe lilikuwa limesimama mlangoni, nalipita. Mvua ikachelewa, nikafurahi kwamba imechelewa, maana ilinipa udhuru. Niliogopa kupenda tena kitu ambacho kinaweza kufa.

Syombua ndiye aliyekuja na kunde kwenye kona ya leso akazifukia mwenyewe, kitanda kimoja tu. Hakunihubiria. Aliniambia nizimwagie nikipata nafasi, akaenda zake. Nilizimwagia kwa sababu ya heshima. Moyo haukuwepo. Siku nyingine nilisahau. Nyingine nililala tu ndani ya nyumba nikijua zina kiu na sikuinuka.

Halafu asubuhi moja, Bwana asifiwe, nikajikuta nimesimama nje. Moto haujawashwa. Kichwa hakina leso. Miguu ilikuwa imenipeleka yenyewe mpaka kwenye kile kitanda, na kunde zilikuwa zimetoka, zimekunja shingo, bado zina udongo mgongoni. Sikuwa na kazi hapo. Nilikuwa nimeenda tu kuangalia! Ndugu zangu, mnaelewa? Hakuna aliyenituma. Nilitaka kitu. Baada ya wakati wote ule, nilitaka kuona. Nikasema, kumbe Mungu wangu hukuondoka, kumbe ulikuwa unaningoja hapahapa.

Shamba langu bado ni dogo. Pale karibu na choo hapajapona, pengine hapatapona, mbuzi bado wanapapenda. Mgongo unauma sasa, wakati wa zamani sikuuhisi. Kuna siku giza lile linarudi, linakaa nami mpaka mchana, halafu linaondoka. Namshukuru Mungu kwa hayo yote. Nawashukuru wamama wa mwethya, na mume wangu Musyoka aliyebeba kabichi bila neno.

Na wewe unayenisikiliza, labda wewe si mkulima. Labda uliomba ndoa, ukapewa, ukashukuru mbele ya kanisa. Uliomba kazi, uliomba mtoto, uliomba kuhama. Ulipewa, na sasa hicho hicho kinakukausha, na unaona haya kusema kwa sababu watu wote waliona ulivyocheza. Unafungua mdomo kwenye wimbo bila sauti. Nakuomba, njoo kwa Yesu na ukweli wako. Usimletee shukrani ya uongo. Tafuta hata mtu mmoja mkae chini mseme.

Mchungaji, leo nimeingia ibada imeshaanza, na nikaona umeniangalia. Naomba msamaha. Nilikuwa nimevaa vizuri na Biblia mkononi, nikapitia kwenye mboga kidogo tu, nikachuchumaa, nikasahau saa. Mimi, niliyekuwa sitaki kuamka! Nilimwambia Mungu maji ni ya chumvi, na hakunifukuza.