Kigoda Kilichoongezewa Mguu

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyekalia kiti chenye mikono. Mkuu wa Chuo na wajumbe wa bodi, mliokalia viti vyenye mito. Ndugu wageni waalikwa wa viti vya plastiki. Na ninyi mafundi wenzangu mlioegemea ukuta kule nyuma: hamjambo!

Nimewasalimu kwa mpangilio wa viti, na nimefanya makusudi. Kabla ya kupanda hapa nimehesabu. Tuko watu mia mbili sitini na tatu, viti ni mia mbili na kumi, waliosimama ni hamsini na tatu. Kati ya hao waliosimama, mmoja ni dereva wa mgeni rasmi, mmoja ni mpiga picha, na hamsini na mmoja waliobaki ni maseremala wa karakana yangu, ndio waliotengeneza kila kiti mtakachokiona ndani ya ukumbi huu tunaoufungua leo. Kwa hiyo somo langu limeshaanza, maana historia ya kiti popote duniani huanza na swali moja: nani anakaa, na nani anasimama?

Wiki iliyopita Mkuu wa Chuo aliniita ofisini. Akaniambia, "Mama, tunakupa dakika kumi na mbili. Tueleze historia ya mitindo ya samani katika tamaduni mbalimbali. Ila tafadhali sana, usituletee mambo ya zamani." Nikamwuliza, "Mkuu, historia isiyo na mambo ya zamani inauzwa duka gani?" Tukacheka wote wawili, lakini yeye alijua anachokiogopa, nami nilikijua. Msiwe na wasiwasi. Nitasema vyote, na dakika zitatosha, kwa kuwa kupima ndiyo kazi yangu.

Ndugu zangu, nina furaha leo! Nimeamka nikiwa kama mtoto wa siku ya kwanza ya shule. Maonyesho haya yana viti thelathini na viwili. Thelathini na kimoja tumevitengeneza kwa miezi kumi na minne, kwa kufuata picha, vipimo na ubishi mwingi. Mkiingia, mkono wa kushoto mtaanza na Misri ya kale. Mtaona kiti ambacho miguu yake imechongwa kama miguu ya simba, kucha zikiwa mbele, yote minne ikielekea upande mmoja kama mnyama anayetembea. Na viungo vyake ni ulimi na tundu, vilevile mnavyofundishwa hapa chuoni mwaka wa kwanza mkilalamika kwamba ni vigumu. Fundi wangu tunayemwita Greda, kwa ukubwa wa mikono yake, aliutazama ule mguu siku tatu, akaniuliza, "Mama, hawa watu walikuwa na umeme?" Nikamwambia walikuwa na msumeno wa shaba. Akaweka patasi chini. "Basi mimi naacha kazi." Hakuacha. Mguu wa nne kauchonga vizuri kuliko mitatu ya kwanza, mtaujua mkiuona.

Mkivuka hapo mtafika Uchina. Kwa karne nyingi watu wa kule walikaa chini, kwenye mikeka, kisha kiti kirefu kikaingia polepole na kuzoeleka. Kilipozoeleka, meza nazo zikalazimika kurefuka! Hebu fikirini: badilisha kimo cha makalio ya mtu, nawe umebadilisha chumba kizima. Jirani zao wa Japani waliendelea na mikeka, wala si kwa kushindwa kutengeneza kiti. Mafundi wale walitengeneza kabati la droo lililopangwa kama ngazi, ukiweka nguo chini na kukanyaga juu kwenda darini. Nani hapa mwenye nyumba ndogo asiyelitamani? Nasi tumelitengeneza, lina vidato saba, na nimelipanda mwenyewe na kilo zangu themanini na nne.

Halafu kuna kiti kimoja kilichonichekesha hadi nikajikata kidole. Katika jumba la wafalme wa Ufaransa, mbele ya mfalme watu walisimama. Kukaa ilikuwa heshima, na wake wa mabwana wakubwa waligombea ruhusa ya kukalia kijistuli kisicho na mahali pa kuegemea. Kijistuli tu! Walivaa hariri, wakanuniana miaka nenda rudi, kwa ajili ya kitu ambacho Greda hukitengeneza kabla ya chai ya saa nne.

Na kile cha Ulaya cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, jamani, kile ndicho ninachokipenda kwa hesabu zake. Vipande sita, skrubu kumi, nati mbili, basi. Viti thelathini na sita vikifumuliwa vinaingia kwenye sanduku moja la mita moja kwa mita moja kwa mita moja. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita! Na leo gari letu lililoleta viti vya plastiki limekuja mara nne.

Pembeni yake kuna kigoda cha Waashanti wa Ghana, kimechongwa kutoka gogo moja, hakina kiungo wala gundi, sehemu ya kukalia imepinda kama mwezi mchanga. Ukikikalia unajua aliyekichonga aliwahi kumtazama mtu akikaa. Hiyo ndiyo siri yote ya ufundi huu, ndugu zangu. Msimamo, mapambo, mtindo, vyote huja baada ya mtu mmoja kumtazama mwenzake vizuri akikaa.

Sasa nimefika kiti cha thelathini na mbili. Mkuu wa Chuo, usitazame saa, zimebaki dakika sita.

Kiti hicho ninacho hapa chini ya meza. Ngoja nikitoe. Ni kigoda. Nilikitengeneza mimi, miaka ishirini na minane iliyopita, hapahapa, kwenye mtihani wangu wa mwisho wa useremala, kikabaki stoo ya chuo. Nyumbani kwetu sakafu ya jikoni ilikuwa ya udongo, na kiti cha mama yangu cha miguu minne hakikutulia hata siku moja. Kila akihama lazima ahame na kijiwe cha kuweka chini ya mguu. Nikiwa mtoto nikajiuliza, mbona mafiga yaliyobeba sufuria hayayumbi? Yako matatu! Weka matatu popote, kwenye mteremko, kwenye mabonde, yote yatagusa chini. Nikaja kusoma baadaye kwamba hata Misri ya kale mafundi walikalia vigoda vya miguu mitatu. Wakati ule sikujua. Nilimjua mama yangu tu.

Utaratibu wa mtihani, wanafunzi mnaujua: mtahini hukaa juu ya kazi yako, huyumba mara tatu, ndipo anapoandika alama ya uimara. Mtahini wangu yuko mbele yenu, mstari wa kwanza, mwenye shati la kijani. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba yako nimeisikia. Mwalimu huyu alitufundisha kunoa patasi mpaka mtu anyolee ndevu, na hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kupunjwa muda wa somo hata dakika moja. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Linalofuata nalo ni kweli.

Siku ile alisimama mbele ya kigoda changu. "Binti, mguu mwingine uko wapi?"

"Haupo, Mwalimu."

"Umevunjika?"

"Haukuwahi kuwepo."

"Basi kazi yako haijaisha."

"Mwalimu, kaa ujaribu."

"Fomu inasema kazi isiyoisha haikaliwi."

Fomu yenyewe hii hapa, nimeitunza kwenye mfuko wa nailoni. Vipimo, kumi na nane kati ya ishirini. Miguu, na mbele yake kwenye mabano imechapwa namba nne, kila mguu alama tano: kumi na tano kati ya ishirini. Uimara, sifuri kati ya thelathini. Umaliziaji, kumi na nne kati ya thelathini. Jumla arobaini na saba. Kufaulu ni hamsini. Wenzangu wakanibandika jina la Miguu Mitatu, nami nikaliandika kwenye kibao cha karakana yangu kwa rangi nyekundu, na limeendesha maisha ya watu hamsini na mmoja.

Mtasema, sasa mama, unalia nini? Nalia hivi. Kila kiti cha ukumbi huu nimekisimamia mimi, lakini hati ya ukaguzi imesainiwa na fundi niliyemfundisha mwenyewe kushika randa, kwa kuwa yeye ana cheti cha chuo hiki nami sina. Nikitaka kufundisha hapa, na nataka, nitaulizwa cheti. Nimeomba mara kumi na moja nitahiniwe upya. Mara kumi na moja nimejibiwa kwamba kazi yangu haikukamilika.

Na leo asubuhi nimekuja kupanga ukumbi, nini nakikuta? Kigoda changu kina miguu minne! Mtunza stoo, usijifiche nyuma ya spika, nakuona. Amenijia na tabasamu mpaka masikioni. "Mama, nimekusaidia! Kilikuwa kibovu, nikaagiza kipachikwe mguu."

"Nani kakwambia kibovu?"

"Daftari la mali za chuo. Kigoda kimoja, miguu mitatu, pungufu mmoja."

Huu hapa, utazameni. Ubao wa msonobari kwenye kigoda cha mninga, umechomekwa katikati ya miguu miwili kama mgeni aliyekosa kiti kwenye harusi. Nimekiweka sakafuni, kikayumba. Na kwa sababu kilikuwa kinayumba, mnajua walichofanya? Wamekunja kipande cha boksi, wakakiweka chini ya mguu mpya! Kijiwe cha mama yangu kimenifuata mpaka hapa!

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaenda kwenye gari kuchukua bisibisi.

Skrubu ni nne. Greda, njoo unishikie. Mheshimiwa mgeni rasmi, uniwie radhi, hii haimo kwenye ratiba. Moja. Mbili. Tatu. Hii ya nne imepinda, waliipiga nyundo, jamani, skrubu inapigwa nyundo kwenye chuo cha useremala? Imetoka. Mtunza stoo, mguu wako huu, uandike kwenye daftari: ziada, mmoja.

Sasa, Mwalimu wangu. Naomba uje. Taratibu, kuna ngazi mbili. Na hiyo fimbo yako usiiache, maana naona wewe mwenyewe leo umekuja na miguu mitatu na hakuna aliyekukata alama. Anacheka! Mmemwona? Miaka yote niliyosoma hapa hakucheka mara mbili.

Nakiweka hapa, penye ufa wa saruji, pabaya kuliko pote. Kaa, Mwalimu.

Amekaa.

Yumba mara moja. Mara mbili. Mwalimu, yumba kweli, usinionee huruma. Mara tatu. Mafundi kule nyuma, mmesikia mlio wowote? Nami sijasikia.

Unasemaje, Mwalimu? Wenzangu, ngojeni, anasema kitu, sauti yake ni ndogo. Anasema... anasema siku ile alitaka kukaa. Anasema alikiona ni kizuri, ila aliitazama fomu kwanza. Anaomba kalamu. Nani ana kalamu? Anataka ya risasi, ni seremala huyu. Asante, Greda, sikio lako huwa halikosi penseli.

Anaandika. Nawasomea. Pale kwenye "Miguu", ile nne ya kwenye mabano ameikata, ameandika "inayotosha". Alama ishirini. Pale kwenye "Uimara" ameandika ishirini na tisa. Mwalimu! Moja imekwenda wapi? Anasema thelathini hajawahi kumpa mtu. Bahili vilevile! Umaliziaji hajaugusa, na hapo simdai, msasa uliniishia siku ile na kazi ilikwaruza. Kumi na nane, na ishirini, na ishirini na tisa, na kumi na nne. Themanini na moja. Ametia saini, na tarehe ya leo.

Mkuu wa Chuo, nakukabidhi fomu hii mbele ya mashahidi mia mbili sitini na mbili. Unatikisa kichwa kwenda juu na chini, nami nahesabu hilo kuwa ndiyo. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa dirishani kuchukua cheti, na saa tatu nitakuwa darasani.

Nimebakiwa na dakika moja, nitaitumia kushukuru. Nakushukuru mgeni rasmi kwa uvumilivu wako, nakushukuru Mkuu wa Chuo kwa kunipa nafasi huku ukijua, nawashukuru mafundi wangu, na nakushukuru Mwalimu, ambaye naona bado umekaa. Hapana, msimwinue. Anasema hapo panamfaa, hotuba zinazofuata atazisikilizia hapohapo.

Basi kiti chake cha mto mstari wa kwanza kimebaki wazi. Greda, nenda ukakae.

Na ninyi nyote mlionitegea sikio mpaka mwisho, asanteni. Mlango uko wazi, viti ni thelathini na kimoja, na kila kimoja kimetengenezwa kikaliwe. Karibuni mkae.